Kuchagua mutoto wa imbwa: tuangalie kwanza mama yake

Katika mikutano ya mwaka huu tuliongea sana juu ya mbegu, juu ya mbuzi na juu ya depo za mupunga. Lakini karibu kila pahali, wakati wa maulizo, mutu aliinua mukono kuuliza juu ya imbwa. Mama mumoja alisema: "Munatufundisha kulima, ni vizuri. Lakini simbiliki naye iko nakula. Imbwa wa kuchunga shamba nitamutoa wapi?" Watu walicheka. Lakini mutu aliyekwisha kulala katika kibanda cha shamba wakati mupunga unaanza kuiva, akisikia yule panya mukubwa wa majani anakata mabua usiku kucha, hakucheka sana. Wala yule aliyeamka asubuhi na kukuta kamba ya mbuzi imekatwa kwa kisu.

Basi katika namba hii tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wanafanya kwa haraka: kuchagua mutoto wa imbwa kwa mutu ambaye imbwa wake amezaa.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Miaka michache iliyopita tulihitaji imbwa wa kulinda depo ya mbegu. Tulimununua pembeni ya soko, katika kitunga, yuko peke yake, tumbo limejaa, anasinzia. Muuzaji alisema ana miezi miwili. Tulifurahi kwamba ni mutulivu, na lile tumbo tulizani ni shibe. Siku ya tatu akaanza kutapika. Siku ya tano akahara damu. Siku ya nane tukamuzika nyuma ya depo. Munganga wa nyama alipofika hakutugombeza, alituuliza maulizo matatu tu: mama yake muliona? Meno yake muliangalia? Ni nani aliwaambia ana miezi miwili? Hatukuwa na jibu hata moja.

Na haikuishia pale. Katika zile siku nane watoto wa mulinzi wetu walikuwa wanacheza naye, na mumoja alikuwa na alama za meno kwenye kidole, zile za kuuma kwa muchezo. Imbwa amekufa, mama yake hajulikani, chanjo haijulikani. Hatukuweza kusema kwamba hakuwa na raje, ule wazimu wa imbwa. Ilibaki kumupeleka mutoto kwa munganga ili aanze mashindano. Safari na mashindano vilipita mara nyingi bei ya yule imbwa. Mutoto ni muzima leo, tunashukuru. Lakini mama yake hakulala vizuri kwa miezi mingi, na sisi pia.

Kwa hiyo neno letu kubwa ni hili: musichague mutoto wa imbwa mbele ya kuchagua nyumba anakotoka na mama aliyemuzaa.

Imbwa wetu wa hapa

Wengine wanazarau imbwa wa kijiji. Wanaota yule imbwa mukubwa wa wazungu, berje, wanayemuona ku Kindu nyuma ya lango la mutu tajiri. Yule anakula nyama nyingi, manyoya yake ni mazito kwa joto letu, na akipata ugonjwa anahitaji munganga wa karibu. Imbwa wetu ni mudogo, manyoya mafupi, masikio yamesimama, mukia umejikunja juu ya mugongo. Anakula kidogo, anavumilia jua, na anajua kunusa katika majani marefu. Habweki sana kama wengine. Ndiyo maana wawindaji wanamufungia kengele ya muti shingoni, ili wasikie yuko wapi mu pori.

Imbwa wa ukoo huu ana sifa mbali sana na hapa. Ulaya na Marekani wanamuita Basenji. Jina hilo litawachekesha ao litawakasirisha, juu kwetu "musenji" ni tusi. Wakati wa wakoloni watu wa vijiji waliitwa hivyo, na jina likashuka mupaka kwa imbwa wao. Katika 1937 imbwa wachache waliotoka Kongo walionyeshwa katika Uingereza, na watu wakaanza kuwazalisha kule. Lakini wale wa mwanzo walikuwa wachache mno. Waliendelea kuzalishana ndugu na ndugu, na ugonjwa mumoja wa figo ukaenea katika ukoo. Katika 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walipanda ndege wakaja huku kwetu, wakati nchi ingali inaitwa Zaire, wakazunguka katika vijiji vya kaskazini-mashariki kutafuta damu mupya. Katika 1990 imbwa waliowapeleka wakaandikwa katika kitabu cha ukoo kule Marekani.

Tunaeleza hii habari kwa sababu moja. Wale watu walivuka bahari kutafuta kitu ambacho mukulima wa Kailo anakipata kwa kutembea mupaka kijiji cha pili: dume ambaye si ndugu wa jike. Kwa hiyo mukifika kwa mwenye imbwa, muulize baba wa watoto ni nani. Kama ni kaka ya mama yao, ao ni mutoto wake wa uzazi wa mbele, muage kwa adabu muende kwingine. Na ninyi wenyewe, mukitaka kuzalisha, musichukue dume na jike wa tumbo moja mukizani mumepata bahati.

Asubuhi, kwa mwenye imbwa

Muende asubuhi, jua halijawa kali, na musiseme tangu mulangoni ni yupi munataka. Muombe maji, mukae, muongee habari nyingine. Wakati huo muangalie mama imbwa anafanya nini.

Mama muzuri anasimama, anawanusa, labda ananguruma kidogo, juu ana watoto na hiyo ni haki yake. Mwenye nyumba akisema neno moja, anatulia. Yule anayeendelea kuruka kwa kuuma hata bwana wake akipiga kelele, hatumutaki. Yule anayekimbilia nyuma ya jiko na kutetemeka, hatumutaki vilevile, pengine zaidi kuliko wa kwanza. Imbwa wengi wanaouma watoto si majasiri, ni waoga. Na ile hofu inapita kwa watoto wake, kwa damu na kwa kuigana.

Muangalie anavyopita katikati ya kuku. Hii ndiyo mutihani mukubwa kwa mukulima, na watu wanausahau. Mutoto wa majuma manane hawezi kuwaonyesha kama atakula kuku, kwa sababu kuku angali anamushinda. Lakini mama anawaonyesha. Kama kuku wanatafuta chakula karibu ya mukia wake bila shida, hiyo ni habari njema. Kama kila kuku anaruka juu ya paa akimuona, pia mumeambiwa.

Anayetaka imbwa wa kulinda depo ao nyumba, aulize kama mama anatoa sauti usiku. Tumesema imbwa wetu wengi hawabweki sana. Kwa muwindaji hiyo ni mali, lakini kwa mulinzi wa depo ni upungufu. Kuna majike yanayotoa sauti kubwa kila mugeni akifika, na ni kwa hao munapaswa kutafuta. Wa shamba si lazima abweke. Harufu yake na kengele vinaanza kazi mbele ya sauti.

Kisha kuna ulizo moja linalopita yote: "Watoto wa mwaka jana wako wapi?" Mwenye imbwa wa kweli atawaambia: mumoja yuko kwa shemeji, mumoja yuko kule ng'ambo, mumoja aliumwa na nyoka. Muende muwaone hata wawili. Wale ndio wanawaonyesha mutoto wenu atakuwa nani mwaka kesho. Kama jibu ni kwamba wote walikufa wadogo, na mwaka wa mbele vilevile, kuna ugonjwa unaolala katika ile nyumba. Ule wa kuhara damu (parvo) unakaa katika udongo miezi mingi, hata baada ya imbwa kufa, na fagio haiuondoi. Sisi wenyewe baada ya yule wa kwanza tulikatazwa kuleta mutoto mwingine asiyechanjwa pahali pale kwa mwaka muzima.

Meno hayasemi uongo

Wauzaji wengi wanatoa watoto mbele ya wakati. Tunawaelewa. Wakifika majuma matano wanaanza kula sana, mama anachoka, na mununuzi amesimama mulangoni na pesa mukononi. Lakini mutoto anayetoka mbele ya majuma manane anakosa vitu viwili. Cha kwanza ni maziwa na joto, na tumbo linakuwa zaifu kwa magonjwa. Cha pili watu hawakioni: ni ndugu zake wanaomufundisha kutouma. Akimuuma kaka yake sana, kaka analia na muchezo unakwisha. Akimuuma mama, mama anamukemea. Yule aliyekulia katika kitunga peke yake hakupata masomo hayo, na atakuja kujifunza juu ya mikono ya watoto wenu.

Namna ya kujua miezi yake ni hii. Macho yanafunguka karibu na juma la pili. Meno ya maziwa yanaanza kutoka katika juma la tatu ao la nne. Akifika majuma manane, meno yote ya maziwa yamekwisha kutoka, na ni 28, membamba na makali kama sindano. Mufungue kinywa polepole kwa kidole. Mukikuta ufizi mutupu nyuma, na yale ya pembeni yanachungulia tu, basi huyo hajafika miezi miwili, hata muuzaji akiapa. Kama imbwa mwenyewe ni muzuri, mulipe kitu kidogo, mumufungie kamba ya rangi shingoni, na murudi kumuchukua nyuma ya majuma mawili ao matatu. Mwenye imbwa asiyekubali hata akipewa arbuni anawaambia kitu.

Mukiwa na mudomo wazi vile, muangalie ufizi. Uwe na rangi ya waridi. Ukiwa mweupe kama karatasi, damu inaliwa na minyoo ao viroboto. Kisha muangalie tumbo. Tumbo la ngoma na mbavu zinazoonekana si shibe, ni minyoo, na hapo ndipo tulidanganyika. Minyoo ile inapita kutoka kwa mama mupaka kwa watoto hata mbele ya kuzaliwa, halafu tena katika maziwa. Kwa hiyo karibu kila mutoto wa imbwa anayo, na dawa inafaa ianze akiwa na majuma mawili, irudiwe kila majuma mawili mupaka miezi mitatu. Mayai ya minyoo hiyo yanaweza kuingia ndani ya mutoto wa mutu anayecheza chini na kutia vidole kinywani, na yanaweza kumuharibu macho. Sabuni na maji baada ya kucheza na imbwa, kila mara.

Yaliyobaki yanakwenda mbio. Macho yasitoe usaha, pua isitoe makamasi mazito, asikohoe. Chini ya mukia pawe pasafi. Kitovu kikiwa na uvimbe laini unaorudi ndani ukiubonyeza, muonyeshe munganga mbele ya kulipa. Ngozi isiwe na upele wala sehemu zilizonyooka bila manyoya. Mumuweke chini mumuangalie anatembea. Piga makofi nyuma yake bila yeye kuona: asiyegeuka labda hasikii. Dume ao jike, tusipoteze siku: dume anazunguka kutafuta majike na kupigana, jike anakaa karibu lakini anazaa, na wale watoto wote wanahitaji chakula na chanjo.

Wale sita

Mwaka uliofuata tulikwenda kwa papa mumoja muwindaji. Mama imbwa tulikuwa tumemuona mara mbili tayari, na binti zake wawili wa mwaka wa mbele walikuwa wanalinda mashamba ya karanga kijiji cha jirani. Watoto walikuwa sita, majuma manane na siku mbili. Papa alikuwa ameandika siku ya uzazi kwa makaa juu ya mulango wa jiko. Mutu wa namna hiyo munaweza kumuamini.

Tulikaa chini kwenye mukeka bila kumuita mutu. Mukubwa wao akafika mbio, akapanda juu ya wenzake, akavuta kamba ya kiatu na kukataa kuachilia. Kila mutu angemuchagua yeye. Dereva wetu alikuwa ameshamupa jina. Lakini mutoto anayewaonea wenzake wote anahitaji bwana mwenye uzoefu na wakati, na sisi tulikuwa na mulinzi muzee na watoto wane. Mumoja alibaki katika kona, mukia katikati ya miguu, na tulipomubeba alikakamaa kama kuni. Watoto wa pale walimuhurumia, na huruma ndiyo inayowapa wengi imbwa muoga.

Papa mwenyewe alipenda mumoja mwenye kinywa cheusi ndani, juu kuna wanaosema huyo atakuwa mukali. Hatukubishana naye kwake. Hapa tunaweza kusema kwamba weusi wa kinywa ni rangi tu, sawa na rangi ya manyoya.

Kisha tukaangusha kifuniko cha sufuria nyuma yao. Wote waliruka, na ni vizuri kuruka. Wawili walikimbilia jikoni na hatukuwaona tena mupaka tulipoondoka. Yule mukubwa akabweka kifuniko. Jike moja la rangi ya udongo, mwenye miguu ya mbele myeupe, akarudi nyuma hatua tatu, akasimama, akatazama uso wa papa, kisha akaja polepole kunusa kile kifuniko. Ndiye tuliyemuchukua. Kushituka si kosa. Munatafuta yule anayeshituka halafu anarudi kuangalia, na zaidi yule anayetazama uso wa mutu ili kujua afanye nini.

Tungeongeza kwamba watoto wale walikuwa wamezoea watu. Katika nyumba ile walishikwa mikononi kila siku tangu macho yalipofunguka, walisikia kinu, redio, mbuzi, kilio cha mutoto. Kati ya juma la tatu na la kumi na mbili imbwa anajifunza dunia ni nini. Kile ambacho hakukiona wakati huo, kitamutia hofu baadaye. Kwa hiyo yule aliyefichwa nyuma ya nyumba mupaka miezi mitatu, hata akiwa munene na mwenye afya, ataogopa. Na ninyi mukimufikisha nyumbani muko na majuma mane hivi yaliyobaki: mumuonyeshe mbuzi, kuku, njia ya shamba, piki-piki, wageni. Lakini musimupeleke pahali imbwa wengi wanapopita mbele ya chanjo.

Chupa moja, imbwa kumi

Hapa ndipo koperative inaingia. Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema kwamba hata 99 kwa mia ya watu wanaopata raje wanaipata kwa imbwa. Ugonjwa ukishaanza kuonekana katika mutu, hakuna dawa ya kumuponya. Lakini chanjo ya imbwa inauzuia, na mutu aliyeumwa akisaidiwa mapema anapona.

Mutoto wa imbwa anapata chanjo ya raje akifika miezi mitatu, anarudia nyuma ya mwaka mumoja, kisha kufuatana na maagizo ya munganga wa nyama. Shida yetu hapa si sindano, ni baridi. Chanjo inapaswa kukaa kati ya digri 2 na 8 tangu inapotoka Kindu mupaka inapoingia katika imbwa, ndani ya glasiere yenye barafu. Tena chupa nyingine ni za imbwa kumi: ikishafunguliwa inapaswa kwisha siku ile ile. Munganga hatasafiri na chupa ya watu kumi kwa imbwa mumoja, na akisafiri, bei itakuwa gali kwa yule mumoja. Lakini familia kumi zikijiandikisha pamoja, siku moja, pahali pamoja, bei inagawanyika na hakuna tone linalomwangika. Siku ya 28 Septemba, siku ya kupigana na raje duniani, inafaa kwa kupanga jambo hili, lakini musingoje Septemba kama imbwa wako tayari mwezi wa tatu.

Kwa hiyo tunaomba hivi: mutu anayekwenda kuchagua mutoto wa imbwa aandikishe jina lake kwa katibu wa koperative mbele ya kumuleta nyumbani, si nyuma. Na majirani wenye imbwa wakubwa wasiochanjwa waandikwe naye, juu mutoto wenu atawakuta njiani.

Musichukue mutoto kama mama yake ao mumoja wa ndugu zake aliumwa na imbwa asiyejulikana, ao aligeuka tabia gafula. Raje inaweza kujificha majuma ao miezi mbele ya kuonekana. Na hata mutoto mudogo anaweza kuwa nayo. Si kila mara anakuwa mukali: wengine wananyamaza, taya linaning'inia, mate yanatoka, hawamezi. Mutu mwema anazani ni mufupa umekwama na anaingiza mukono kinywani kuutoa. Musifanye hivyo hata siku moja. Mumufungie peke yake na muite munganga.

Imbwa akimuuma mutu, hata kidogo, hata kwa muchezo kama chanjo yake haijulikani: kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, dakika 15 nzima kwa saa, halafu kituo cha afya siku ile ile. Musitie majani, wala pilipili, wala mafuta, wala jiwe jeusi. Jiwe jeusi linapoteza siku, na siku ndizo tunazohitaji.

Nyumbani

Muombe kwa mwenye imbwa kipande cha nguo ao cha gunia walicholalia. Harufu ya mama inamusaidia usiku wa kwanza. Atalia tu. Musimupige, kama kipande kile kiko karibu na mutu anapumua karibu, usiku wa tatu analala.

Chakula: bugali laini na samaki wadogo waliopikwa, mara tatu ao ine kwa siku mupaka miezi mine. Muhogo muchungu usiolowekwa vizuri una sumu kwake kama kwenu. Mufupa wa kuku uliopikwa unavunjika kama kioo na kutoboa tumbo. Na mukichinja mbuzi, musimutupie maini ao mapafu mabichi yenye malengelenge: ndani mule kuna minyoo inayokua katika imbwa na kurudi kwa watu. Muyapike sana ao muyazike chini sana.

Ndugu wengi Waislamu wa Maniema wanatuuliza kama inafaa kufuga. Wenyewe wanajua kuliko sisi kwamba imbwa wa kuwinda, wa kuchunga nyama na wa kulinda shamba ameruhusiwa. Tunaowafahamu wanamupa nyumba yake inje, sahani yake peke yake isiyochanganywa na vyombo vya jikoni, na chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa upande wa magonjwa, munganga wa nyama hawezi kuwapa shauri bora kuliko hilo la sahani.

Tena neno kwa wanaochagua imbwa kwa kuwinda: ndani ya Parc ya Lomami, iliyotangazwa mwaka wa 2016, kuwinda ni kosa, na imbwa haingii kule hata na kengele. Simbiliki wa shamba lenu anatosha kumufundisha.

Yule jike wa miguu myeupe yuko depo mupaka leo. Chanjo yake ya kwanza ilikuwa ya nane katika chupa. Tisa na kumi walikuwa imbwa wa katibu na wa mama muuza sombe. Hajauma mutu. Alikula mayai ya bata wa jirani mara tatu katika mwaka wa kwanza, na tulilipa mara tatu. Papa muwindaji aliposikia alisema mama yake alikuwa vilevile, na kwamba tulikuwa tumesahau kuuliza juu ya mayai.